Isaya 21:13-17: utukufu wa Kedari ulikoma lini hasa? Wenye elimu naomba mnisaidie

Mti Mkavu (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam.

Jumamosi iliyopita nilisimama kwenye mhadhara wa mlingano wa dini, kiwanja cha mpira jirani na kwetu. Meza mbili, vipaza sauti viwili, Biblia zimechomekwa vikaratasi mpaka hazifungiki. Mhadhiri akaomba isomwe Isaya 21 kuanzia mstari wa 13: "Ndani ya msitu wa Arabuni mtalala, enyi misafara ya Wadedani." Kisha watu wa Tema wanaambiwa wawapelekee wenye kiu maji na wakimbizi chakula, maana wamekimbia panga na upinde. Mwisho, ndani ya mwaka mmoja, "kama miaka ya mtu wa mshahara", "utukufu wote wa Kedari utakoma" na wavuta upinde wake watabaki wachache.

Mhadhiri akasema: hapo ni Hijra ya Mtume Muhammad na vita vya Badri, imetimia neno kwa neno. Mchungaji akajibu: hapo ni Waashuru, jambo lilishaisha miaka mia saba kabla ya Kristo. Takbiri huku, haleluya kule, jua likazama, tukatawanyika.

Mimi nimebaki nalo. Nimerudia sura hiyo kila usiku tangu siku ile. Hawa Dedani, Tema na Kedari walikuwa akina nani? Na ule mwaka mmoja ulianza kuhesabiwa lini?

Nanga
Nakaa hapa mbele kabisa. Uzi huu nausoma mpaka mwisho.

Mama Neema
Bwana asifiwe. Kwanza tupate ukoo. Mwanzo 25:13 inasema wana wa Ishmaeli: wa kwanza Nebayothi, wa pili Kedari. Tema yumo mstari wa 15, na Duma yumo mstari wa 14. Kwa hiyo Tema na Kedari ni ndugu wa baba mmoja. Dedani yeye ni mjukuu wa Ibrahimu kwa Ketura, mtoto wa Yokshani, Mwanzo 25:3.

Kalamu Nyekundu
Mama Neema, asante, ila ongeza Mwanzo 10:7. Huko Dedani ni mwana wa Raama, ukoo wa Kushi. Biblia yenyewe inamweka Dedani sehemu mbili, na wasomi hawajaafikiana kama ni watu wawili au ni kabila moja lililochanganyika na majirani wa kusini na wa kaskazini.

Ustadhi wa Mtaani
Assalaam alaykum, na amani kwa wote.

Nitoe hoja yetu kwa utulivu, maana kwenye vipaza sauti haifafanuliwi. Ufunuo wenyewe unasema ni juu ya Arabuni, si juu ya Yerusalemu. Kuna watu wanakimbia upanga ndani ya Arabuni na kupokewa na wenyeji wa miji ya mitende upande wa kaskazini. Mtume (S.A.W.) alitoka Makka mwaka 622, akapokewa na Ansari wa Madina. Badri ilipiganwa Ramadhani ya mwaka wa 2 Hijria, yaani Machi 624. Waislamu walikuwa mia tatu na kitu, Makureshi, kabila kubwa la Makka, wakikaribia elfu moja, na Makureshi 70 wakauawa, wengi wao wakubwa wa mji. Utukufu wa wana wa Kedari ukavunjika. Nani mwingine katika historia ya Arabuni anaingia kwenye picha hiyo vizuri namna hii?

Kalamu Nyekundu
Ustadhi, nakuheshimu, lakini nina mambo mawili.

La kwanza, Septemba 622 hadi Machi 624 ni mwaka mmoja na nusu. Andiko linasema katika muda wa mwaka mmoja, halisemi baada yake.

La pili, Sira ya Ibn Ishaq, kitabu cha kale cha maisha ya Mtume, inampitisha Adnan, babu wa Makureshi, kwa Nabit bin Ismail, yaani Nebayothi. Wako wanasaba waliompitisha kwa Kaidhar, yaani Kedari, ni kweli, ila si wote. Kwa hiyo "Makureshi ni Kedari" ni kauli ya baadhi yao, haiwezi kusimama kama msingi usiohojiwa.

Ustadhi wa Mtaani
La nasaba nakubali kuwa kuna hitilafu, na wanazuoni wetu wenyewe wametahadharisha kuhusu kuipandisha nasaba juu ya Adnan. Lakini mbona hata nyinyi mnasoma "Kedari" kama jina la Waarabu wote wa jangwani? Zaburi 120:5 inalia juu ya kukaa kati ya hema za Kedari, na hakuna anayeuliza ni ukoo gani hasa.

La mwaka: Hijra iliingia, mwaka wa kwanza ukakamilika, pigo likaja ndani ya mwaka uliofuata. Kibarua huhesabiwa miaka kamili.

Dereva wa Tabuk
Wadau, mimi si msomi wa maandiko, lakini hiyo miji nimeipita kwa magurudumu. Nilikuwa Saudia miaka minne nikiendesha lori la mboga, Tabuk kwenda Madina. Hiyo Tema ni Tayma, ipo mpaka leo. Ukitoka Tabuk unashuka zaidi ya kilomita 250 ndipo unaikuta, halafu Khaybar, halafu Madina. Dedani ni Al-Ula, kusini-magharibi ya Tayma. Tayma mjini kuna kisima kinaitwa Haddaj, kikubwa ajabu, mdomo wake ni mpana kama nyumba ya vyumba vinne, kimezungukwa na magurudumu ya mbao ya kuvutia maji. Zamani yalizungushwa na ngamia, kila ngamia na njia yake ya kwenda na kurudi.

Kwa hiyo Isaya anaposema watu wa Tema watoe maji, ameita watu wenye maji kweli.

Msomi wa Jioni
Dereva, umetupa ramani. Na ramani hiyo inanifanya niulize: kutoka Tayma hadi Madina ni karibu kilomita 400. Wakimbizi wa Isaya wanapokewa na Tema, si na Yathribu, jina la kale la Madina. Mtu wa Makka aliyekimbilia Madina hakufika Tema hata kidogo. Lakini mtu wa msafara wa Al-Ula akiacha barabara kuu kwa kuogopa jeshi na kujificha porini, Tayma ndiyo oasisi ya kukimbilia, siku chache tu za ngamia. Tukio hili ni la kaskazini.

Nanga
Huo msitu sasa. Dereva, Arabuni kuna msitu? Au mtafsiri alikuwa amekaa Usambara?

Dereva wa Tabuk
Msitu kama wa kwetu hakuna. Kuna migunga mmoja mmoja kwenye mabonde. Na karibu na Khaybar kuna mawe meusi ya volkano, kilomita nyingi, makali kama chupa iliyovunjika. Ukiacha lami tu, tairi imekwenda.

Msomi wa Jioni
Nanga ametania lakini amegusa penyewe. Neno la Kiebrania ni *yaari*, ambalo kwa kawaida ni msitu. Ila wako wanaolihusisha na Kiarabu *waar*, mahali pa mawe na pagumu kupita. Ukilisoma hivyo, Wadedani wamelala kwenye mawe aliyoyataja Dereva, mahali ambapo wapanda farasi hawawezi kuwafuata. Sisemi ndiyo tafsiri sahihi, nasema inaingia.

Na kuna jambo zito zaidi. Kiebrania cha kale kiliandikwa bila irabu. Herufi zilezile zinasomeka "katika Arabuni" au "wakati wa jioni". Wayahudi waliotafsiri kwa Kigiriki kabla ya Kristo walisoma jioni: lala porini jioni. Na kichwa cha "Ufunuo juu ya Arabuni" kwao hakipo. Mhadhara mzima uliojengwa juu ya neno Arabuni umesimama juu ya irabu.

Ustadhi wa Mtaani
Hata ukiliondoa neno Arabuni, Dedani, Tema na Kedari wanabaki, na wote ni wa Arabuni. Irabu haikuondoa kitu.

Msomi wa Jioni
Hapo umenishika. Nakubali.

Kalamu Nyekundu
Turudi kwenye Waashuru, maana mchungaji wa Mti Mkavu alitaja tu akaondoka. Kuna zaidi ya mshindani mmoja.

Sargoni wa Pili, mwaka 715 KK, anasema aliyapiga makabila ya jangwa la mbali, watu wasiojua mwangalizi wala akida, akawahamishia Samaria. Isaya alikuwa hai. Tatizo: orodha ya Sargoni ina Tamudi, Ibadidi, Marsimani na Haiapa. Kedari hamo.

Senakeribu, karibu mwaka 690 KK, aliwaandama Waarabu mpaka Adumatu, ambayo wengi wanaiona ndiyo Duma, akamteka malkia wao Te'elhunu. Aliyekuwa pamoja na malkia ni Hazaeli, mfalme wa Waarabu, na baadaye maandishi ya Waashuru yanamwita mfalme wa Kedari. Hapa tumekaribia.

Ashurbanipali, katikati ya karne ya saba KK, ndiye aliyeipiga Kedari kwa jina. Alichukua ngamia wengi kiasi kwamba anajisifu ngamia walinunuliwa sokoni kwa chini ya shekeli moja ya fedha, na mama muuza pombe alilipwa ngamia kwa kikombe kimoja.

Upepo wa Kusi
Nipo London. Picha za vita hivyo zimechongwa kwenye mawe ya kasri la Ninawi, na zipo kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza. Niliwapeleka wanangu siku ya mvua. Ngamia mmoja amebeba watu wawili: wa mbele anaongoza, wa nyuma amegeuka anapiga mshale kuelekea wanaomfukuza. Wengine wako chini ya miguu ya farasi. Jiwe lingine linaonyesha hema zinachomwa.

Mwanangu wa miaka saba aliuliza, "Huyu wa nyuma atafika?" Sikuwa na jibu. Niliposoma hapa "mabaki ya wavuta upinde" nimemkumbuka yule wa nyuma.

Mama Neema
Upepo wa Kusi, umenitoa machozi asubuhi hii.

Ustadhi wa Mtaani
Sasa ndugu Kalamu, mizani iwe moja. Mimi umenikatalia miezi sita. Ashurbanipali alikuja miaka hamsini au sitini baada ya Isaya, na huyo unampa "mwaka mmoja"?

Kalamu Nyekundu
Hoja ya haki. Simpi. Nimemtaja kwa sababu ndiye aliyeipiga Kedari waziwazi. Anayemtaka lazima aseme ama mwaka ulianza kuhesabiwa baadaye, ama sehemu hii ya kitabu iliandikwa baada ya Isaya.

Mtoto wa Isiolo
Habari zenu. Niongee kuhusu "miaka ya mtu wa mshahara" maana naona mnaikimbia.

Kwetu tunafuga ngamia. Marehemu babu alikuwa na mchungaji wa kuajiriwa, na ujira wake ulikuwa mtamba mmoja wa ngamia kwa mwaka, pamoja na nguo na maziwa. Yule kijana alikuwa na kamba kwenye hema, kila mwezi ukiandama anafunga fundo. Siku fundo la kumi na mbili lilipokamilika alikuja asubuhi na mapema, akaiweka ile kamba mbele ya babu, hakusema neno. Babu akaenda zizini. Hakuongeza siku wala hakupunguza.

Hivyo ndivyo ninavyousoma mstari ule. Mwajiriwa hamfanyii tajiri siku ya ziada, na tajiri hasamehe hata siku moja. Ni mwaka uliobanwa pande zote mbili. Mwaka na nusu hauingii, miaka sitini haiingii.

Mti Mkavu
Mtoto wa Isiolo, hapa nimeelewa kitu ambacho mhadhara mzima haukunipa. Asante sana.

Nanga
Kwa kamba hiyo, Ustadhi na Kalamu wote wawili wamefungwa.

Msomi wa Jioni
Kabla hamjafunga fundo, kuna gombo la Isaya lililopatikana Kumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947, la zamani kuliko nakala zote kamili tulizonazo. Kwenye Isaya 21:16 halisemi mwaka mmoja. Linasema miaka mitatu.

Kalamu Nyekundu
Kweli kabisa. Ila wengi wanadhani mwandishi wa gombo alivutwa na Isaya 16:14, ambako Moabu imepewa miaka mitatu kama miaka ya mtu wa mshahara. Msemo ni uleule, mkono ukateleza.

Ustadhi wa Mtaani
Au hakuteleza, na waliobaki na "mmoja" ndio walioteleza. Kwa miaka mitatu, Badri imeingia bila kusukumwa.

Kalamu Nyekundu
Imeingia kwenye hesabu, haijaingia kwenye ramani. Bado unadaiwa Tema.

Ustadhi wa Mtaani
Deni nitalilipa. Isaya 42:11 inataja vijiji vya Kedari pamoja na wakaao Sela waimbe. Madina kuna mlima unaitwa Sal'i, unauona ukiwa karibu na Msikiti wa Mtume. Kedari na Madina vimetajwa mahali pamoja.

Msomi wa Jioni
Sela ya Biblia ina anwani yake, Ustadhi. 2 Wafalme 14:7, Amazia aliitwaa Sela alipowapiga Waedomi. Hiyo iko kusini mwa Bahari ya Chumvi. Maana yake ni jabali tu, na majabali yenye jina hilo yanaweza kuwa mengi, lakini nabii wa Yuda akisema Sela, msikilizaji wake anafikiria Edomu.

Mama Neema
Niulize kitu nje kidogo ya hesabu. Dereva, ulisema tairi hupasuka kule. Iliwahi kukupasukia?

Dereva wa Tabuk
Mara nyingi dada. Ile ninayoikumbuka ilikuwa Agosti, kati ya Khaybar na Tayma. Tairi mbili kwa mpigo, na tajiri wangu hakuwa ametupa ya akiba ya pili. Nilimpigia akasema nisubiri. Nikasubiri kuanzia saa nne asubuhi. Maji niliyokuwa nayo yalikwisha kabla ya adhuhuri, nikajilaza chini ya lori, lami inanuka.

Alasiri akaja mzee wa Kibedui na pikapu, nyuma kuna mbuzi wanne. Hakuniuliza mimi ni nani wala dini gani. Alishusha dumu la maji, akanimwagia kichwani kwanza ndipo akanipa ninywe, akanizuia nisinywe kwa pupa. Kisha akatoa mkate mkubwa uliokunjwa kwenye kitambaa na tende. Tulikaa kivulini kwa lori mpaka gari la kampuni likaja magharibi. Kiarabu changu kilikuwa cha barabarani tu, hatukuongea sana.

Mama Neema
Ndicho nilichotaka kusikia. Tunapigana juu ya Kedari aliyeanguka, na mstari wa 14 tunauruka mbio. Nabii wa Yuda anawaagiza Waarabu wawatoe Waarabu wenzao kwenye kiu, na hakuna neno baya hata moja juu ya hao watu wa Tema. Hata Ayubu 6:19 misafara ya Tema inatafuta maji. Wanaoijua kiu ndio wameambiwa wapeleke maji. Mimi unabii wenyewe nauona hapo.

Mtoto wa Isiolo
Mama umenena. Kwetu mtu wa safari akifika kisimani hapangi foleni. Hata kama ni wa kabila mnalopigana nalo, anakunywa kwanza.

Upepo wa Kusi
Wakuu, mmewasahau Wababeli. Nabonido, mfalme wa mwisho wa Babeli, alihamia Tayma akakaa miaka kumi, katikati ya karne ya sita KK. Jiwe lake la Harani linataja miji aliyoitembea: Tema, Dadanu, Fadaki, Khaybar, mpaka Yatribu. Mwaka 2021 Saudia ilitangaza maandishi yake mengine yaliyochongwa mwambani Al-Hait, ambayo ndiyo Fadaki, mistari 26. Isaya 21 inaanza na kuanguka kwa Babeli. Je, sura nzima haiongelei nyakati za Babeli?

Kalamu Nyekundu
Wapo wasomi wanaoisoma hivyo. Pia Nebukadreza alipeleka jeshi kuwapora Waarabu wa jangwani mwaka 599 KK, na Yeremia 49:28 inamtaja yeye na Kedari kwa majina. Ila Nabonido anawatesa Watema wenyewe, alimuua mkuu wao. Hapa Tema ni mahali salama pa kukimbilia. Lazima iwe kabla yake.

Ustadhi wa Mtaani
Nashukuru kwa hilo jiwe la Harani. Limeonyesha Tema, Dedani na Yathribu ni miji ya mnyororo mmoja wa biashara. Nabii anaweza kuutaja mnyororo kwa kiungo chake kimoja. Sehemu ya deni langu nimelipa.

Kalamu Nyekundu
Robo.

Na sasa swali ambalo linatuumiza sote, wa Ashuru, wa Babeli na wa Badri. Kwenye jumba la makumbusho la Brooklyn, New York, kuna bakuli la fedha lililotoka Tell el-Maskhuta, Misri. Limeandikwa Kiaramu: zawadi ya Kainu mwana wa Geshemu, mfalme wa Kedari, kwa mungu wa kike. Ni la karne ya tano KK. Wengi wanaamini huyo Geshemu ndiye Mwarabu aliyempinga Nehemia, Nehemia 2:19. Yaani karibu miaka mia tatu baada ya Isaya, Kedari ina mfalme, ina fedha, na ina mkono mpaka mpakani mwa Misri. Utukufu upi ulikoma?

Mama Neema
Andiko linasema mabaki yatakuwa machache, halisemi hayatazaa tena. Na Isaya 60:7 makundi ya Kedari yanakuja madhabahuni yakiwa mengi. Mungu aliyewapunguza aliwarudisha.

Ustadhi wa Mtaani
Au bakuli hilo linathibitisha kwamba unabii ulikuwa bado haujatimia karne ya tano, na ulikuwa unangoja wakati wake.

Msomi wa Jioni
Au utukufu ni ule wa wavuta upinde wa kizazi kile tu, na nabii hakuwa anaongea na karne ya tano wala ya saba baada ya Kristo. Alikuwa anaongea na watu waliokuwa wanaziona njia za misafara zikifungwa machoni pao.

Mti Mkavu
Wakuu, Jumamosi hii mhadhara unaendelea kiwanja kilekile. Nitanyoosha mkono niulize la bakuli na la mstari wa 14. Nimeshaandika kwenye daftari.

Ustadhi wa Mtaani
Uliza bila woga. Nami nikipata nafasi nitakuja, nitakaa upande wako.

Nanga
Mimi nitaleta maji.

Jirani Mpya
Samahani nimechelewa, nimesoma uzi wote toka mwanzo. Duma wa mstari wa 11, anayeitwa kutoka Seiri na kuuliza habari za usiku, ni yule mwana wa Ishmaeli au ni Edomu? Maana Seiri ni Edomu.

Msomi wa Jioni
Tafsiri ya Kigiriki imeandika Edomu moja kwa moja. Kiebrania kimeacha Duma. Ngoja nitoke kazini nirudi na hilo.